Nyumba Iliyoupa Upepo Mgongo

Tulimwita Mpima, na hilo lenyewe lilikuwa uongo. Hakupima kitu serikalini. Miaka yote aliyofanya kazi ya ardhi alikuwa mshika mnyororo: Mzungu anachungulia kwenye chombo chake cha miguu mitatu, na yeye yuko kule mbali juani, ameshika ncha ya mnyororo wa chuma, anasubiri kupungiwa mkono asogee kulia au kushoto. Alipoacha kazi akahamia Kawe, kwenye mteremko unaoshukia kijito, alishuka kwenye lori na bakora, pima maji ya mbao na jina jipya. Watu wa pale hawakuwa na haja ya kuuliza. Mtu amevaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi hadi magotini, kila akitembea anahesabu hatua zake kwa kunong'ona, sasa wamwite nani?

Mimi nilikuwa shemeji yake. Mkewe alikuwa dada yangu mkubwa, tumbo moja. Kwa hiyo ninayosema hapa sikuyasikia kwa watu, na wala sijitii kuwa mwadilifu. Nilimdharau bwana yule kwa miaka mingi na sioni kwa nini niache sasa kwa sababu tu nimezeeka. Kwao wapi, babu yake nani, sikuwahi kuuliza. Aliyenihusu ni huyo wa Kawe, na huyo alinitosha.

Alikuwa na neno lake moja ambalo hata leo nikilisikia kwa mtu mwingine meno yananiuma. Ukimwambia chai imekolea, anakuuliza, "Kwa kipimo kipi?" Ukimwambia mvua ya jana ilikuwa kubwa, kwa kipimo kipi. Siku moja nilimwambia mtoto wa jirani amekua, mara hii anafika begani kwa mama yake. Akauliza bega lipi, maana mama yule alikuwa na bega moja limeshuka. Dada alicheka. Dada alimcheka kila mara kwa upole, kama mtu anavyocheka vituko vya mwanawe, na mimi nilikuwa nikikaa pale nikijiuliza huyu mwanamke amelishwa nini.

Mazishini alikuwa balaa. Watu wamesimama na majonzi yao, yeye ameinama kutazama kama mwanandani wa kaburi umenyooka. Kuna siku aliwaambia wachimbaji kuwa kaburi limekwenda upande kwa vidole viwili, na mtoto wa marehemu, machozi yanamtoka, akawaambia warekebishe. Wakarekebisha. Baadaye watu walisema kweli lilikuwa limekwenda upande. Ndicho kilichoniudhi zaidi kwake. Angekuwa mjinga ningemwonea huruma, lakini mara nyingi alikuwa anasema kweli, na akiisema anaisema kama anakutemea.

Nyumba za watu ndizo alizozidharau kuliko kitu chochote. Nyumba zetu sote tunazijua: baraza mbele inatazama barabara, mlango katikati, ukumbi umenyooka mpaka uani, vyumba huku na huku, choo mwisho wa ua. Huku kwetu Temeke, ambako ardhi imelala kama meza, nyumba hiyo haina ubaya. Mteremkoni, alisema Mpima, ni kazi ya wendawazimu. Barabara ikiwa juu, maji ya mvua yanaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, ukumbi umekuwa mfereji. Barabara ikiwa chini, ua unakuwa juu, na choo kiko juu ya vichwa vyenu, mnalala mnasubiri kitawashukia lini. Aliyasema haya akiwa ameketi kwenye baraza ya mwenye nyumba, anakunywa kahawa ya mwenye nyumba.

Na watu walimfuata. Mle mteremkoni walijenga nyumba saba kwa maneno yake, na nyumba zote saba ni nzuri, lazima niseme. Aliwalazia nyumba zao kwa kukingama mteremko, hawakuchimba sana wala kujaza sana. Ncha nyembamba aliziweka mashariki na magharibi ili jua lipate pa kugonga padogo. Upande wa juu aliwachimbia mfereji wa kuyapindisha maji yapite pembeni, upande wa bondeni aliwafungulia madirisha mapana, maana miezi ya joto upepo wa kaskazi hutoka baharini na kupanda na lile bonde. Paa makuti, upenu umeshuka mpaka unainama kuingia. Nimekaa kwenye nyumba mojawapo saa nane mchana mwezi wa Januari, nimejifunga khanga begani kwa ubaridi. Mwenye nyumba, mama mmoja muuza vitumbua, akaniambia, "Mpima Mungu amzidishie. Sie tulikuwa tunaokwa, si kuishi." Nikamwambia amina, nikatoka nikaenda hatua hamsini kumwangalia dada yangu akiokwa.

Kabla sijafika huko niseme na hili, nisije nikaitwa mchoyo. Masika moja uani kwetu Temeke palituama maji mpaka mlangoni mwa jiko. Mume wangu ni fundi cherehani, jembe halijui. Mpima alikuja kwa baiskeli kutoka Kawe, mwendo wa nusu siku kwa njia za wakati ule, akakaa siku tatu, akachimba mfereji peke yake, suruali ameibana kwa vibanio vya baiskeli. Mpaka leo maji hayajasimama tena. Siku ile ya mwisho nilimpikia wali kwa samaki, na kila tonge alilokula alinitajia kosa moja la nyumba yangu. Sikumshukuru. Nilimwambia samaki wamekwisha.

Sasa hiyo nyumba yake.

Alipopata kiwanja, watu walitazamia ajenge baada ya mwezi. Alikaa mwaka mzima hajajenga kitu, wamepanga chumba kwa watu, yeye na dada na mabinti wao wawili. Kila siku yuko kiwanjani. Alichana kanzu yake kuukuu vipande vipande akavifunga kwenye fito, pembe nne za kiwanja na kimoja katikati, atazame upepo unatoka wapi, mwezi gani, saa ngapi. Alisimamisha kijiti akawa anaweka kokoto pale kivuli kinapoishia. Mvua zilipokaribia akamwaga majivu kiwanja kizima, mvua ya kwanza ikachora njia zake kwenye majivu, naye akazifuata na vigingi. Watu wakasema mshika mnyororo amepata wazimu, anafuga upepo.

Kazi yenyewe aliifanya na dada. Yeye alikuwa na shughuli nyingi za kutembea barazani mwa watu, na aliyebaki na vile vitambaa alikuwa mke. Asubuhi, adhuhuri na alasiri, dada anatazama vitambaa na kuweka akilini, jioni anamsomea mumewe naye anaandika. Sijapata kumwona dada akifurahi vile. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na maisha yake yote upepo ulikuwa kitu cha kuombewa. Mwaka ule alikuwa anaujua kama mama anavyojua nyayo za wanawe. Alinikalisha chini akanichorea nyumba kwa kidole kwenye mchanga: hapa baraza, tumeishusha ngazi tatu ifuate mteremko, inatazama bonde. Hapa chumba chetu, kimeshika ncha yote ya mashariki, jua likitugonga asubuhi linaondoka. Dirisha letu kubwa linatazama bondeni, hakuna mpita njia, naweza kuliacha wazi siku nzima. Jiko magharibi, kaskazi ikija moshi unakwenda zake. Choo kule pembeni kabisa, nyuma ya upepo. Upande wa barabara ni ukuta mtupu, una vitundu vya juu tu vya kutolea joto. Alisema, "Nitalala chali, mdogo wangu." Mtu asiyekuwa na pumu hajui hayo ni maneno makubwa kiasi gani. Dada alilala ameketi nusu ya usiku wote wa maisha yake.

Mpima akachora nyumba hiyo kwenye karatasi kubwa ya ofisini, kwa kalamu ya risasi, na naapa ilikuwa nzuri. Hata mimi nisiyejua ramani nilielewa pa kuingilia.

Siku ya kupiga vigingi nilikuwapo. Mafundi wamekuja, mawe yamekuja, na wanaume wa mteremkoni wamejipanga barabarani juu kutazama. Wakati ule bado hakuna hata mmoja aliyejengewa na Mpima. Nyumba hii ndiyo ilikuwa ya kwanza, ndiyo ya kuonyesha. Vigingi viwili vya kwanza vilipoingia, mmoja wa wale wazee akauliza mlango uko wapi. Mpima akaonyesha kwa bakora, kule bondeni. Mzee akauliza kwa hiyo mgeni akitoka barabarani ataingilia wapi, ataizunguka nyumba? Mpima akasema ndiyo, atazunguka. Halafu mzee akasema, bila ubaya hata kidogo, "Basi nyumba yako itatupa makalio, bwana. Atakayepita atadhani mmegombana na mji mzima."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha watu waliozoea kukaa barazani mbele ya njia, wakamwona mpita njia na kumkaribisha, na wasioweza kuwaza nyumba ya muungwana bila hicho. Mgeni akutane kwanza na kuta za nyuma na kuni za jiko? Mwenye nyumba anaficha nini? Mpima alisimama pale na kaptura yake. Nilimwona shingo inavimba. Hakumjibu mzee kwa kipimo kipi, ambalo lingekuwa jibu la haki kabisa. Alikunjua karatasi. Akaitazama. Akaigeuza, juu ikawa chini, akaanza kuwasomea mafundi upya kama kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Hawakuelewa. Mafundi walidhani walikosea wao, wakang'oa vigingi viwili. Wazee wakaridhika kuona mlango umerudi barabarani. Aliyeelewa alikuwa mmoja, maana ndiye aliyekuwa ameshika ncha ya kamba. Dada alisema polepole, "Bwana, karatasi imegeuka."

Mpima hakumtazama. "Shika kamba," akamwambia.

Dada akashika kamba.

Nimesema nyumba ile kwenye karatasi ilikuwa nzuri, na fundi alifuata karatasi kwa uaminifu. Kwa hiyo hebu fikiri nyumba iliyokamilika, kila kitu mahali pake, halafu izungushe yote. Baraza iliyotakiwa kushuka na mteremko sasa imechimbiwa ndani ya mlima, mgeni anateremka ngazi tatu kama anaingia shimoni. Masika ya kwanza ilijaa maji ya barabara, watu wakaja kuchota. Mfereji wa kukinga maji uko chini ya nyumba, unakinga hewa. Jiko limekuja mashariki, choo kimekuja pembe ile ile ambako kaskazi inatokea, kwa hiyo upepo wote ule uliotazamwa mwaka mzima ukifika nyumbani umeshapita chooni, ukashika moshi jikoni, ndipo unabisha hodi. Na ukibisha haufunguliwi, maana upande huo sasa ndio wa ukuta mtupu wenye vitundu vya upana wa kiganja chini ya paa. Chumba cha dada kimehamia magharibi, jua la alasiri linakipika mpaka ukuta hauguswi. Lile dirisha kubwa linatazama barabara. Mwanamke gani atafungua dirisha la chumba chake cha kulala mbele ya wanaume wanaokwenda na kurudi? Lilifungwa wiki ya kwanza na komeo halikuondoka. Na ili mambo yakamilike, yule bwana aliyehubiri makuti kwa kila mtu, yake akaiezeka mabati. Mabati yalionekana vizuri kutoka barabarani.

Angeweza kuchora upya. Hilo ndilo lililonishinda kulimeza. Angewaambia mafundi warudi baada ya wiki, akakaa na mkewe na karatasi nyingine, akatafuta namna ya kumpokea mgeni barabarani na upepo bondeni. Zile nyumba saba alizowajengea watu baadaye ndivyo alivyozifanya: kibaraza kidogo juu cha kumsalimia mpita njia, na baraza yenyewe chini. Kumbe liliwezekana. Alijifunza kwa gharama ya kifua cha dada yangu, halafu faida akawapa majirani.

Alipoulizwa kuhusu ya kwake, mwanzo alisema nyumba mpya inahitaji kukaa. Baadaye akasema ile ilikuwa ya majaribio. Mtu akimwambia mle ndani ni moto, anamuuliza kwa kipimo kipi. Mama yetu alihamia pale, akaondoka masika hayo hayo akisema yeye hajawa chura. Mabinti wawili waliolewa mmoja baada ya mwingine na wanaume wa kwanza kupiga hodi, na mimi siku zote nimeamini walifuata hewa.

Dada alimwomba mara tatu atoboe dirisha kwenye ukuta wa bondeni. Najua ni mara tatu kwa sababu kila mara aliniambia, na kila mara alinikataza nisiseme neno. Mara ya kwanza alimwomba kwa mzaha, wakila. Akajibu kuwa ukuta ule umebeba paa. Mara ya pili alikuwa mgonjwa, akajibu kuwa watasubiri kiangazi, udongo ukauke. Mara ya tatu alitoka akaenda kumwonyesha mtu pa kuchimba msingi.

Sasa sikiliza jambo ambalo limenizuia kumchukia kwa raha. Nilifika siku moja saa tisa alasiri bila kutoa taarifa. Mlangoni kimya. Nikaingia mpaka chumbani, nikamkuta dada ameketi kitandani, mito mgongoni, anavuta pumzi kama anapandisha ndoo kisimani. Na Mpima yuko kwenye kigoda, fulana imelowa, ana kipepeo cha ukili, anampepea. Mkono wa kulia ukichoka anahamishia wa kushoto. Dada aliniambia kwa ishara kuwa ameanza tangu adhuhuri. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku ya joto, miaka yote ile, na mkono wake wa kulia ulikuwa na uvimbe begani usioisha. Nyundo moja na saa mbili za fundi zingemaliza kazi. Yeye aliona bora apepee.

Nilisubiri dada asinzie, nikamvuta Mpima barazani, ndani ya lile shimo lake. Nilivunja ahadi niliyompa dada. Nikamwambia, "Shemeji, toboa ukuta."

"Ukuta hautobolewi ovyo."

"Toboa kwa mpango basi. Si wewe Mpima?"

Alitazama juu barabarani. Kulikuwa na watu wawili wanapita, wakamsalimia kwa heshima, akawaitikia. Walipopotea akaniambia, "Nikitoboa, huyu na huyu watauliza kwa nini."

Nikamwambia awaambie mkewe hapumui. Kisha nikarudi chumbani nikamfungia dada nguo zake mbili tatu kwenye khanga. Jioni ile ile nilimpandisha kwenye gari la mizigo la jirani, tukaenda Temeke. Dada hakunigombeza kwa kuvunja ahadi. Alimwambia mumewe pale mlangoni, mbele yangu, kwamba haondoki kwa hasira wala hataki talaka, atarudi siku ukuta ukitobolewa. Mpima akamwambia avae kitu kizito, njiani kuna baridi.

Akakaa kwetu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwetu si Kawe, upepo wetu ni wa kubahatisha, lakini chumba alichopata kina dirisha uani na hakuna wa kumchungulia ila kuku. Kifua kilitulia. Kilianza kutulia kama wiki ya pili, nikamkuta alfajiri amelala chali, mdomo wazi, na nilisimama mlangoni nikalia kama mjinga.

Mpima akawa mgeni wetu wa Ijumaa. Akishaswali mjini anapanda baiskeli anakuja. Anamletea dada embe bolibo, au dawa ya mitishamba ya harufu mbaya, au vitumbua vya yule mama. Wanakaa uani wanazungumza kama wachumba. Yeye ananieleza kuwa upenu wangu ni mfupi. Dada hakumuuliza habari ya ukuta hata siku moja, naye hakuitaja. Nami niliyekuwa nikipita na sufuria zangu nilimuuliza kila Ijumaa, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya pili, "Shemeji, ukuta haujambo?" Alikuwa anasema haujambo. Mume wangu alinikanya. Sikukanyika.

Kisha zikapita Ijumaa tatu hajaonekana. Ya pili dada alikaa karibu na mlango. Ya tatu alisuka ukili mpaka magharibi bila kuinua uso. Asubuhi yake akaniambia, "Nenda kamwangalie. Mie nikienda ataona nimerudi."

Nikaenda. Nilikuta mlango wazi na sauti za watu ndani, nikadhani msiba. Haukuwa msiba. Goti lake ndilo lililokuwa limevimba, hawezi baiskeli, anatembea na bakora kwa kazi sasa na si kwa mapambo. Alikuwa amezeeka kwa mwezi mmoja kuliko miaka yote mitatu. Soksi zilikuwa zimeshuka. Alikuwa anapangisha vyumba. Wamekuja kutazama mwalimu mmoja kijana kutoka bara na mke wake mjamzito, mtoto wa watu hata shikamoo yake ina lafudhi ya huko milimani, na Mpima anawaonyesha chumba. Kile kile cha dada.

Yule binti aliingia, akasimama katikati, akajipepea na upande wa kitenge. Akasema kwa adabu, "Mzee, chumba ni kikubwa lakini hakina hewa."

Mpima hata hakufikiri. Alichechemea mpaka jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa bondeni. Akapima shubiri kutoka pembeni, akachora mstari. Akateremka chini, kidogo tu juu ya usawa wa kitanda, akachora wa pili. Hakufuta hata sehemu moja. Kwa dakika chache dirisha zima lilikuwa pale ukutani, jeusi, lina vizingiti na mbao zake, akamwambia mwalimu kuwa fundi atakuja kesho asubuhi na jioni watakuwa wanalala kwenye upepo. Yule binti akauliza mbona limekuwa chini sana, madirisha si huwekwa juu? Mpima akamwambia, "Likiwa juu upepo unapita kichwani. Hapa utamkuta mtu kifuani, akiwa ameketi kitandani."

Mjamzito halali ameketi. Nilijua dirisha lile limepimwa kwa kifua cha nani.

Mwalimu na mkewe walitoka kwenda kutazama kisima. Nikabaki naye. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya miaka, yamepangika kama sahani, nikakosa pa kuanzia. Nikamuuliza, "Ulilijua tangu lini dirisha hili?"

"Tangu mwaka ule ule."

"Na dada akakuomba mara tatu."

Alikuwa anafuta mkaa vidoleni kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Hawa hawajui kwamba nilikosea, shemeji," akasema. "Wao wameona chumba kina joto, basi. Dada yako anajua. Alikuwa ameshika kamba."

Nilitaka kumwambia kuwa mwanamke yule alimsamehe siku ile ile kamba ikiwa bado mkononi, kwamba kati ya watu wote wa mteremko ule mzima ndiye peke yake ambaye asingemcheka. Lakini mtu akishafika umri ule na hajalijua hilo kwa mke wake mwenyewe, mimi nitamwambia kwa mdomo gani? Nilimwambia aukande mguu kwa maji ya chumvi. Nikaondoka.

Nilifika Temeke jua linazama. Dada alikuwa uani, amenisubiri na chai. Akaniuliza kama ni mzima, nikamwambia mzima, goti tu. Akaniuliza anakula nini, nikamwambia yule mama wa vitumbua anamtazama. Akazungusha kikombe mkononi. Miaka mitatu hajauliza, na sasa nikaona linakuja.

"Ametoboa?"

Ukuta ulikuwa mzima bado. Fundi alikuwa anakuja kesho. "Bado," nikasema.

Dada akaitikia kwa kichwa taratibu, bila huzuni yoyote, akanimiminia chai. "Atatoboa tu," akasema. "Pa kutoboa anapajua."